Feza ya Mama Maestro

Mama Maestro hakuivumilia mikrowevu ya kanisa. Kila ilipomaliza kupasha chakula ikalia, alikunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole, akasema, "Iko chini. Iko chini kidogo ya noti yake." Sisi wengine tulisikia mlio tu. Yeye alisikia kosa. Gari la wagonjwa likipita barabarani alinyamaza kwanza, akamwombea aliyemo ndani, kisha akatuambia lilikuwa likiimba noti gani.

Wakongo humwita maestro yeyote anayefundisha kwaya, na lile neno Mama liliongezwa na umri wake. Nilipokuja Louisville, Kentucky, huku Marekani, kusoma, nilipanga chumba mtaa wa Iroquois, nyumba ya pili kutoka kwake. Siku chache baadaye nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo huku naimba, akaja mpaka kwenye uzio, mikono kiunoni.

"Weye ni Mkenya?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unaimba kwa pua. Jumamosi uko nakuja kwenye mazoezi."

Hakuuliza kama nina nafasi, wala kama nasali kanisa gani. Jumamosi nilikwenda. Nilikaa katika sauti ya pili mpaka nilipomaliza shahada yangu na kuhamia Columbus, jimbo jingine, kwa kazi, na hata baada ya hapo, nikirudi Louisville kusalimia, nilikuta kiti changu kipo, na mtu aliyekikalia ameambiwa asogee.

Hakuongoza kwaya kwa mikono. Aliongoza kwa nyusi na bega la kushoto. Bega likipanda, sauti ya kwanza ilipanda; nyusi zikishuka, besi walijua wamekosea na kila mmoja wao alimwangalia mwenzake. Ukiimba noti ambayo si yenyewe ila imeikaribia, alisimamisha watu wote. "Hiyo ni karibu," alikuwa anasema. "Miye sikuomba karibu." Maneno hayo tuliyabeba mpaka majumbani. Mama akimwuliza mwanawe kama amemaliza kazi ya shule na mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba amebakiza kidogo, jibu lilikuwa lile lile: sikuomba karibu.

Usidhani alikuwa mtu wa msimamo mmoja. Alitukataza uongo, lakini mazoezi yaliyoanza saa kumi na moja alitutangazia yanaanza saa kumi, ili tunaochelewa tufike kwa wakati. Alifunga na kuomba kila Ijumaa, na kila Ijumaa jioni, akishafungua, alitazama mieleka kwenye televisheni na kumpigia kelele mwamuzi. Kwetu alikuwa mkali kama pilipili, lakini kazini kwake, nyumba ya kutunzia wazee, walimpenda mno. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kimarekani pale, aliyekuwa mwalimu wa piano enzi zake, naye alikuwa mkaidi kama yeye. Mama Maestro akimwosha alimwimbia, na yule bibi, povu kichwani, alimsahihisha. Waligombana kila asubuhi kuhusu noti, huyu kwa Kiswahili, yule kwa Kiingereza. Siku Mama Maestro alipopewa shifti ya ghorofa nyingine, bibi alikataa kuoga mpaka wakamrudisha.

Kubwa kuliko yote lilikuwa hili. Wanakwaya wawili wakinuniana, aliwaweka chumba kimoja, akafunga mlango, akawaambia hawatoki mpaka wapatane. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na mdogo wake wa kiume kule Tonawanda, karibu na Buffalo, New York, anafanya kazi kiwandani, na walikuwa hawajasemezana miaka mingi. Ukimtaja tu, Mama Maestro alianza kutafuta miwani yake.

Chanzo cha ugomvi huo kilikuwa sarafu.

Nilikuwa nimemzoea sana ndipo aliponionyesha. Aliitoa ndani ya soksi ya mtoto, akaiweka juu ya meza ya jikoni: kitu cha mviringo, kizito, kipana kuliko senti zote nilizowahi kushika, kimekuwa cheusi pembeni na cha kijivu katikati. Upande mmoja alikuwa mwanamume mwenye masharubu, amevaa kofia ya chuma yenye ndege juu yake. Upande wa pili palikuwa na simba na mnazi.

"Hii ni feza ya mama yangu," alisema. Kwao neno feza ni pesa, na ndilo hilo hilo la madini yenyewe. "Na mama alipewa na mama yake. Zamani za Wadachi, mama mmoja wa kwetu Uvira alikuwa anauzia askari mawese, kule ng'ambo, Usumbura. Wao walitaka kumulipa na kitambaa. Akakataa. Akasema, miye nataka hii ya mukubwa wenu mwenye kuku kichwani."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini kanisani walicheka kwa namna nyingine. Shemasi wetu, mtu mwema lakini mpenda ubishi, alisema Wadachi hawakuwa na haja ya kununua mawese kwa mama wa Kikongo, na kwamba hicho kitu ni bati la kuuzia watalii. Wengine wakaamini hivyo. Siku moja shemasi huyo huyo alikuja na dawa ya kung'arishia vyombo na kitambaa laini, akasema kama ni fedha kweli, aisugue kidogo tu, itang'aa na wote wataona.

Mama Maestro aliifunika kwa kiganja. "Uchafu wake ni wake," alisema. "Umekaa pale mbele yako weye kuzaliwa. Acha."

Mama yake hakuitoboa aivae shingoni kama wanawake wengi walivyofanya, naye hakuisugua. Hakuna aliyewafundisha kitu juu ya sarafu. Walikuwa tu watu wasiopenda mkono wa mtu kwenye kitu chao.

Vita vilipowatoa Uvira, mama yao alikataa kuondoka. Alimpa binti yake sarafu, akamwambia wakikosa kabisa, waile. Mdogo wake alikuwa kijana wakati ule, na ilimwuma kwamba hakupewa yeye wa kiume. Wakakaa kambini Tanzania miaka mingi, wakala ugali wa mgawo, na sarafu haikuliwa. Lakini watu wakasema. Mmoja alidai amemwona dada mtu sokoni Kigoma akiibadilisha kwa unga. Mdogo wake akauliza, na dada badala ya kuitoa aonyeshe, akajibu, "Kama unaniona mwizi, basi uamini hivyo." Mmoja akaletwa Kentucky, mwingine New York, na neno hilo likabaki katikati yao.

Nilimwuliza kwa nini asiipige picha tu akamtumia mdogo wake.

"Nimuonyeshe ya nini? Aombe kwanza."

Basi ikawa hivyo mpaka mama yao akaanguka.

Alianguka uani kwake, Uvira, akavunjika nyonga. Daktari alisema akifanyiwa upasuaji Bujumbura, ile Usumbura ya zamani, ng'ambo ya mpaka, atatembea; asipofanyiwa, atalala kitandani mpaka mwisho. Nilikuwa nimeshahamia Westerville, kitongoji cha Columbus. Mama Maestro alinipigia mchana, nikiwa kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nilipopokea hakusalimia.

"Nilienda mu duka moja hapa Louisville, bale wananunua dhahabu," alisema. "Yule bwana aliitupa kwenye mizani, akanitajia bei ya fedha ya kuyeyusha. Nikamuambia, umeipima uzito, haujaisoma. Akacheka. Nikaichukua."

"Ulifanya vizuri, mama."

"Sijue kama nilifanya vizuri. Mama iko analia na maumivu."

Nilikuwa nimeona tangazo la maonyesho ya sarafu Columbus, wikendi ile ile, katika ukumbi wa hoteli. Nikamwambia apande basi aje. Alifika Ijumaa jioni na mkoba mmoja na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba Columbus sili chakula. Usiku huo, nadhani kwa mara ya kwanza, hakutazama mieleka.

Ukumbi ulijaa meza, taa ndogo na wanaume wenye miwani ya kukuzia iliyowaning'inia kifuani. Mama Maestro alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Tulisimama kwenye meza ya kwanza, nami nikaeleza. Mwenye meza aliigeuza sarafu mara moja, akairudisha. Alisema aina hii imeghushiwa sana, nyingi anazoletewa ni za bandia, samahani.

Nikatafsiri. Mama Maestro hakuondoka.

"Muulize, hii yangu ni ya bandia ju ya nini?"

Nikauliza. Yule bwana alisema ni hisia tu, uzoefu.

"Hisia," alirudia Mama Maestro, akaiweka soksini. "Bon. Twende kwa mwenye macho."

Mwenye macho tulimpata karibu na ukuta wa mwisho: mwanamke mzee wa Kimarekani, nywele fupi nyeupe, mezani kwake hakuna dola hata moja ya Marekani. Alikuwa na sarafu za Afrika tu, za zama za wakoloni. Alipoiona yetu aliivuta karibu na taa. Alivua miwani, akavaa nyingine. Aliipima uzito kwenye mizani ndogo, akaipima upana kwa kifaa cha chuma, akaisogeza kwenye sumaku, haikushikwa. Akaukagua ukingo wote, taratibu, kama anayesoma maandishi madogo. Kisha akaniambia niketi, na mama aketi.

Alieleza polepole ili niweze kutafsiri. Hii ni rupia mbili, alisema, ya kampuni ya Kijerumani iliyotawala pwani ya Afrika Mashariki. Rupia moja moja zilitengenezwa kwa wingi na bado zinapatikana. Hii ya mbili ilitengenezwa kwa muda mfupi sana, ikaachwa. Ndiyo sababu wanaoghushi wanaipenda. Mwenye kofia ni mfalme wao, na ndege ni tai.

"Si kuku," nilimwambia Mama Maestro.

"Mama yangu asisikie," alisema.

Kisha yule mzee akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aliiweka sarafu juu ya ncha ya kidole chake, akaigonga ukingoni kwa kalamu ya mbao. Ikalia. Sauti nyembamba, safi, ikakaa hewani kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mama Maestro alisimama wima. "Mwambie arudilie."

Ikalia tena. Yule mzee akavuta droo, akatoa nyingine iliyofanana nayo kabisa kwa macho yangu, akasema hii ni ya kughushi, anaiweka kwa kufundishia. Akaigonga. Ilitoa mlio mfupi ikafa, kama kijiko kilichoanguka kwenye zulia.

"Mwambie azigonge bila kuniambia ni ipi," alisema Mama Maestro, akageuka akampa mgongo. Hapo watu wa meza za jirani walikuwa wameshaanza kusogea. Yule mzee, macho yamemchangamka, akagonga.

"Yangu," alisema Mama Maestro.

Akagonga.

"Ya bandia."

Akagonga, akagonga tena, akijaribu kumchanganya kwa kurudia ile ile. Mama Maestro hakukosa hata moja. Mwishowe alitaja noti yenyewe ya sarafu yake, akaiimba kwa sauti, na yule mzee akaigonga chini ya sauti hiyo, na vitu viwili hivyo vikawa kitu kimoja. Watu walipiga makofi. Yule bwana wa meza ya kwanza alikuwa miongoni mwao, na namshukuru kwa hilo: alipiga makofi kwa moyo.

Mzee alisema mambo mawili yaliyoongeza thamani yake. Haikutobolewa. Na haikusafishwa; ule weusi wa pembeni, alisema, wanunuzi wanaulipia, kwa sababu hauwezi kuigizwa vizuri. Ingesuguliwa hata mara moja, sehemu kubwa ya bei ingeondoka na kitambaa. Nilimtafsiria Mama Maestro huku nikimkumbuka shemasi, naye pia, naona, maana alitikisa kichwa polepole kwa furaha isiyo ya Kikristo sana.

Alitupa njia mbili: tuipeleke mnada na kungoja, au tumwuzie pale pale kwa bei aliyoitaja. Alisema wazi kwamba mnadani huenda ikapata zaidi. Ile bei aliyoitaja ilizidi mshahara wa Mama Maestro wa mwezi. Mimi nilishusha pumzi. Yeye aliinua nyusi.

"Mwambie hiyo ni karibu."

Nikatafsiri. Yule mzee aliuliza karibu na nini. Mama Maestro akajibu, "Na yenyewe." Mzee alicheka mpaka akashika meza, akaongeza. Si kidogo.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini Mama Maestro hakuiachia sarafu. Aliniomba simu yangu, kwa sababu namba yake yeye, alisema, mdogo wake alishaifungia. Akapiga Tonawanda kwa video.

Mdogo wake alipokea akiwa kiwandani, wakati wa mapumziko, vizibo vya masikio vinaning'inia shingoni. Alimwona dada yake, uso wake ukafungwa. Dada mtu hakusalimia. Aliinua sarafu mbele ya kamera, akaigeuza upande wa simba, akaigeuza upande wa kofia.

Mdogo wake alisogeza uso karibu na kioo.

"Yaya," alisema, neno lao la dada mkubwa. "Njo hii yenyewe?"

"Njo hii. Iangalie muzuri, ju kesho haiko. Mama anapasuliwa nyonga. Feza ni yetu wote wawili. Nisiiuze bila weye kuniruhusu."

Yule mwanamume mkubwa, mwenye mabega ya kubebea vyuma, aliweka kiganja machoni pale pale, wenzake wakipita nyuma yake. "Waliniambia uliiuza kwa unga," alisema.

"Najua walichokuambia."

"Mbona hukunionyesha?"

Nilimwangalia Mama Maestro. Alianza kutafuta miwani yake, na ilikuwa usoni. Akaacha. "Ju ya kiburi," alisema. "Yangu. Na yako pia, usijifanye."

"Na yangu," alikubali. Akapangusa uso. "Uza, Yaya. Itakayopungua ya daktari niko nalipa miye."

Ikauzwa. Mama Maestro aliipiga busu, jambo ambalo yule mzee alilivumilia ingawa mate si mazuri kwa fedha, akaiweka mwenyewe mikononi mwake. Kisha akaomba ile ya bandia.

"Ya nini?" niliuliza.

"Ya shemasi."

Yule mzee alimpa bure. Jumapili iliyofuata, nasikia, Mama Maestro alisimama mbele ya kanisa na karatasi ya mauzo yenye maelezo ya sarafu, akamtaka shemasi aisome kwa sauti, kila neno: rupia mbili, fedha, Afrika Mashariki ya Kijerumani, halisi. Shemasi alisoma. Kisha Mama Maestro akamkabidhi zawadi yake iliyofungwa kwenye karatasi ya rangi. Kwaya ilicheka mpaka wimbo uliofuata ukaharibika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwasimamisha.

Nilimwona tena majira ya baridi, Tonawanda. Alikuwa amekwenda kwa mdogo wake likizo, likizo ikawa ndefu, sasa anatafuta kazi huko huko. Niliendesha kutoka Columbus, theluji imefunika magari yote ya mtaa mpaka hujui la nani ni lipi. Mdogo wake ndiye aliyenifungulia. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya samaki. Mama Maestro alikuwa ameketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote, na mdogo wake, mtu wa kiwandani, alikuwa anamletea chai, anarudi jikoni, anauliza kama sukari inatosha. Haikutosha. Akarudi nayo.

Simu ikaita. Ilikuwa Uvira. Mpwa wao alikuwa ameshika simu uani, akaielekeza upande wa pili wa uwanja, ambako mwanamke mzee sana, mwembamba, amejifunga kitenge, alikuwa amesimama mlangoni na fimbo.

"Koko, njoo!" mpwa alimwita bibi yake.

Mzee akaja. Alivuka uwanja wote, hatua fupi fupi, fimbo ikitangulia, kuku wakimpisha. Hakuna aliyemshika. Kule Tonawanda mdogo mtu alikuwa amesimama na kijiko mkononi, na Mama Maestro alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mzee alifika, akamnyang'anya mpwa simu, uso wake ukajaa kioo chote.

"Munalia nini?"

"Mama," alisema Mama Maestro, "feza yako tuliiuza. Unisamehe."

Mzee alikunja uso kama aliyesikia noti mbaya.

"Ile ilikuwa inakaa tu," alisema. "Miaka yote ilikuwa inakaa. Angalia miye: niko naenda."

Akamrudishia mpwa simu, akatugeuzia mgongo, akaenda.